Kovu la Kubuni na Kovu la Kufichwa

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii hutajwa aghalabu kwa kumcheka mtu apendaye mambo mapya, lakini ndani yake mna onyo kubwa kuliko kicheko. Jicho la binadamu hupenda mng'ao wa kitu kipya hata likausamehe ubovu wake. Na kwa kuwa hupenda hivyo, hukidharau kitu kikuukuu hata likausahau ushahidi wake. Kutokana na maradhi haya ya jicho huzuka neno lisemwalo kwa wepesi hata na watu waliosoma: kwamba mtu atengenezaye mfano wa chapeo ya sinema, akaupaka rangi, kisha akauchakaza kwa mkono wake mpaka ukaonekana umepita vitani, anapoteza wakati na kuwadanganya wenziwe. Husemwa kuwa kazi hiyo si sanaa. Husemwa kuwa ni uongo. Tena husemwa kuwa ni kuiga michezo ya wageni. Hukumu hizi tatu ni nyepesi, na wepesi wake una hasara. Yapasa zipimwe moja moja.

Kwanza kazi yenyewe ielezwe, maana wengi waihukumuo hawaijui. Chapeo ya sinema mara nyingi si ya chuma. Hufanywa kwa plastiki au kwa faiba, kitu kile kile ambacho mafundi wa magari hukitumia kuunda bampa. Hutoka katika kalibu ikiwa nyepesi, laini, na haina habari yoyote ya kusimulia. Fundi huikwangua kwa msasa, huziba vishimo kwa puti, huipaka rangi ya msingi, na juu yake hupaka rangi ya fedha iigizayo chuma. Fedha ikikauka, huweka dawa ya meno, au mafuta ya mgando, au punje za chumvi zilizoloweshwa, mahali pale tu anapotaka rangi ya juu iambuke. Ndipo huipaka rangi ya juu, iwe kijani, nyeupe au nyekundu. Nayo ikikauka, huvifuta vizuizi vile, na fedha iliyo chini hujitokeza kana kwamba rangi imebanduliwa na pigo. Baada ya hapo huzimua rangi nyeusi na ya kahawia mpaka ikawa nyepesi kama chai, huipitisha juu ya chapeo nzima, na kuifuta kabla haijakauka, ili ibaki katika mianya tu mfano wa uchafu wa miaka mingi. Mwisho hugusa kingo kwa brashi iliyo karibu kukauka, hupakaza vumbi la udongo, na kufunika yote kwa vanishi isiyong'aa.

Hiyo ndiyo kazi ya mkono, na mwenye subira aweza kujifunza. Kazi ya akili ni ngumu zaidi. Fundi hapaswi kuuliza, 'Niweke wapi mkwaruzo upendeze?' Hupaswa kuuliza, 'Ni nini kilichoikwaruza chapeo hii, kilitoka upande gani, na baada ya hapo miezi mingapi ilipita?' Aliyevaa chapeo huishika kila siku mahali pamoja anapoivua. Basi rangi ya mahali hapo hulika polepole kwa vidole, wala haichubuki kwa ghafula. Huiweka chini kila jioni. Basi ukingo wa chini huchakaa kuliko utosi. Jua humpiga kutoka juu; basi utosi hupauka kuliko mashavu. Mvua hutiririka kwenda chini. Basi alama ya kutu huanza penye msumari na kushuka, wala haiendi kando. Mkwaruzo mmoja usio na sababu huiharibu chapeo nzima, kama vile neno moja lisilo mahali pake linavyoiharibu tenzi nzima. Kwa hiyo kuchakaza ni kutunga, na kila kovu ni sentensi inayodai kuwa na maana.

Sasa na ipimwe hukumu ya kwanza, kwamba kazi hii si sanaa. Wanaoitetea hukumu hii wana hoja moja yenye sura ya ushindi. Mwaka 1976 fundi Mwingereza, Andrew Ainsworth, alizifinyanga kwa plastiki chapeo nyeupe za askari wa sinema ya Star Wars, ambayo ilitoka mwaka 1977. Miaka mingi baadaye alianza kuuza nakala za chapeo zile, na kampuni ya Lucasfilm ikamshitaki. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama Kuu kuliko zote ya Uingereza, nayo mnamo Julai 2011 ikaamua kwamba chapeo ile si sanamu kwa maana ya sheria ya hakimiliki ya nchi hiyo. Basi, husema watu hawa, ikiwa majaji wamekataa kuiita chapeo kazi ya uchongaji, nani ataiita sanaa?

Hoja hii yavunjika inapoguswa. Majaji hawakuulizwa kama chapeo ile ina uzuri. Waliulizwa kama neno 'sanamu' katika sheria ya mwaka 1988 laweza kunyooshwa mpaka liifikie. Sheria hupanga mipaka ya mali, wala haipangi mipaka ya vipaji. Zaidi ya hayo, sababu waliyoitoa majaji yaiunga mkono kazi hii kuliko kuipinga. Walisema kuwa kazi ya sanaa iliyoumbwa ilikuwa sinema yenyewe, na kwamba chapeo ilikuwa kifaa katika utengenezaji wa sinema hiyo. Na iwe hivyo. Je, neno moja la tamthilia si kifaa katika tamthilia? Pazia si kifaa? Ngoma impayo mchezaji hatua zake si kifaa? Hakuna mwanafunzi wa fasihi anayesema kwamba kwa kuwa kibwagizo hakisimami peke yake bila shairi, basi mtungaji wa kibwagizo hakufanya kazi ya sanaa. Kitu kuwa sehemu ya kingine si fedheha. Fedheha ni kuwa sehemu mbovu.

Tena sinema ile ile yatoa ushahidi mwingine. Katika michezo mingi ya sinema iliyoitangulia, watu wa nyakati zijazo walionyeshwa wakivaa nguo zisizo na doa na wakipanda vyombo visivyo na vumbi. George Lucas alitaka ulimwengu uliokwisha kutumika: vyombo vyenye mafuta yaliyomwagika, kuta zilizobanduka, mitambo yenye masizi. Sehemu za jangwani zilipigwa Tunisia, na mtazamaji akaliona jangwa juu ya vitu pamoja na chini ya miguu. Mwaka 1980, katika sinema iliyofuata, ilionekana chapeo ya kijani yenye kibonyeo na rangi iliyoambuka tabaka kwa tabaka. Aliyeivaa alisema maneno machache mno. Lakini watazamaji walimjua, kwa kuwa chapeo ilisema kwa niaba yake: ilisimulia vita ambavyo havikuonyeshwa. Kuyasema mambo ambayo hayakutamkwa ndiyo kazi ambayo walimu wa fasihi huwasifia washairi. Haifai kuwasifia washairi kwa jambo lile lile wanalolaumiwa wapaka rangi.

Hukumu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ile ya uongo. Husemwa kuwa kovu ambalo halikupatikana vitani ni uongo, na kutu isiyoletwa na mvua ni ulaghai. Shtaka hili ni la kale. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, aliwashitaki wachoraji na washairi kwa kuiga sura za vitu bila ya kuvijua vitu vyenyewe. Lakini uongo una nguzo mbili, na ikianguka moja, nyumba haisimami. Nguzo ya kwanza ni kusema lisilokuwa. Nguzo ya pili ni kutaka msikiaji aliamini kuwa lilikuwa. Mtu anayekwenda kutazama mchezo amekwisha kukubaliana na wachezaji kabla ya pazia kufunguliwa. Ajua kwamba mfalme atakayeuawa jukwaani atakwenda nyumbani kula chakula cha usiku. Chapeo iliyochakazwa imo ndani ya mapatano hayo, na ndani ya mapatano hakuna aliyedanganywa.

Mfano mwema umo katika fasihi ya Kiswahili yenyewe. Ebrahim Hussein alipoitoa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, aliyachukua mambo ya Vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa tangu mwaka 1905 hadi 1907, na katika maneno ya utangulizi alimweleza msomaji kwamba Kinjeketile wa tamthilia ni mtu wa kubuniwa, wala si picha kamili ya yule wa historia. Hakuna aliyemwita mwongo. Amesomwa shuleni na vyuoni kizazi baada ya kizazi, na wengi wamekiri kwamba mtu huyu wa kubuni amewafanya waitafakari historia kwa uzito. Utangulizi ule ndio alama ambayo kila fundi wa chapeo hana budi kuiweka upande wa ndani wa kazi yake: kwamba kitu hiki ni mfano, kimefanywa na fulani, mwaka fulani. Alama hiyo ikiwapo, kovu ni la kubuni na hadhi yake ni ya sanaa. Alama hiyo ikifutwa kwa makusudi ili mnunuzi auziwe mfano kwa bei ya asili, hapo ndipo uongo huzaliwa; nao huzaliwa mdomoni mwa mwuzaji, si katika brashi ya mpaka rangi.

Ulaghai wa namna hiyo upo, wala haufai kufunikwa. Wapo wauzaji wa vinyago ambao huupaka mti mweupe dawa ya viatu nyeusi na kuuita mpingo, na wapo waufukizao moshi mti wa juzi wakauita urithi wa mababu. Watu hawa huwaibia wanunuzi, na zaidi huwaibia wachongaji wa kweli. Lakini kosa lao lisitumiwe kuwahukumu wasiokosa. Tena kosa lao laonyesha jinsi wasivyoelewa thamani ya uzee. Mwaka 1984 kinyago cha Wamakonde kiliibwa pamoja na vitu vingine katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilinunuliwa na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, na hakikurudishwa Tanzania ila mwaka 2010, baada ya majadiliano marefu. Kama thamani ya kinyago ingekuwa sura yake tu, fundi hodari angaliweza kuchonga mfano, akauchakaza kwa ustadi, na mambo yakaisha. Lakini kilichodaiwa hakikuwa sura. Kilichodaiwa ni kitu chenyewe, pamoja na mikono iliyokishika. Mfano waweza kufundisha, hauwezi kurithi. Fundi mwaminifu ayajua hayo, na kwa kuyajua huwa rafiki wa makumbusho badala ya kuwa adui yake.

Sasa yafaa kuuliza swali ambalo wenye kulaumu hawaliulizi. Ikiwa kovu la kubuni lachukiza, mbona kovu la kufichwa halichukizi? Swali hili halihitaji kwenda mbali kutafutiwa jibu. Jibu lake lapita kila siku katika barabara za Mirongo, kata iliyo katikati ya jiji la Mwanza, ambamo pikipiki za abiria hupita tangu alfajiri hadi usiku. Sheria humtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu, na kofia hiyo, ambayo watu wamezoea kuiita helmeti, ndiyo chapeo ya kweli ya zama hizi. Ndani ya gamba lake mna povu gumu, na povu hilo ndilo liokoalo fuvu: linapopata pigo kubwa hubonyea na kuinywa nguvu ya pigo. Likisha kubonyea halirudi. Kofia iliyokwisha kuanguka na mtu wake mara moja imekwisha kufanya kazi yake yote. Iliyobaki ni sura.

Basi na ifikiriwe kofia ya namna hiyo inapozibwa ufa wake kwa puti, ikapigwa msasa, ikapakwa rangi nyeusi ya kung'aa, na kuuzwa kwa mtu asiyejua. Tendo hili huitwa matengenezo. Mwuzaji huitwa hodari, na mnunuzi hufurahi kwa kuwa amepata kitu kinachong'aa. Hakuna anayesema kuwa ni uongo, ijapokuwa nguzo zote mbili za uongo zimesimama imara: limesemwa lisilokuwa, na ametakiwa mtu aliamini. Ubaya huzidi kwa sababu dawa za kuzimulia rangi zaweza kuidhoofisha plastiki ya gamba hata pasipokuwa na ufa. Huyu anayempa mtu mauti ndani ya rangi mpya hatajwi katika mijadala, na yule anayepaka kutu ya bandia juu ya chapeo ya mchezo huitwa mdanganyifu. Wahenga waliliona jambo hili waliposema mficha maradhi kifo humwumbua. Kwa bahati mbaya, hapa kifo humwumbua asiyeficha.

Ni dhahiri, basi, kwamba chuki ya watu haikuelekezwa kwenye uongo. Imeelekezwa kwenye uzee. Watu husamehe uongo ukiwa na sura mpya, na huukataa ukweli ukiwa na sura kuukuu. Fundi anayechakaza chapeo hufanya kinyume cha mwuzaji yule: huchukua kitu kizima na kukivika majeraha mbele ya macho ya wote, ili mtazamaji ajifunze kuyasoma majeraha. Aliyejifunza kusoma mahali ambapo rangi huambuka kwa pigo, na mahali ambapo huambuka kwa vidole, ataishika kofia ya barabarani kwa macho mengine. Ataugeuza ukingo, ataangalia kama kuna mahali penye rangi nene kuliko pengine, atalibonyeza povu la ndani. Sanaa ya kovu la kubuni humfanya mtu awe mgumu kudanganywa na kovu lililofichwa. Faida hiyo peke yake yatosha kuitetea.

Walakini fundi naye ana wajibu. Chapeo ya mchezo isipandishwe kwenye pikipiki hata kwa dakika moja, kwa maana gamba la faiba lisilo na povu halimkingi mtu. Na kofia ya barabarani isichukuliwe kuwa uwanja wa kujifunzia dawa na rangi. Mpaka kati ya mfano na kitu chenyewe hauna budi kulindwa na yule anayeishi karibu nao. Kadhalika na alinde pumzi yake: rangi za kupuliza na vumbi la msasa wa faiba hudhuru mapafu, na chumba kisicho na dirisha si karakana.

Hukumu ya tatu yasema kuwa kazi hii ni kuiga wageni. Katika hukumu hii mna chembe ya haki, nayo isikataliwe. Iwapo kijana wa Mirongo ataitazama picha ya chapeo iliyofanywa Uingereza au Marekani, akaihesabu mikwaruzo yake, na kuirudia yote mahali pale pale kwa rangi zile zile, huyo amenakili, wala hakutunga. Amechukua majibu bila ya kuyajua maswali. Vumbi alilolipaka ni la jangwa ambalo hakulikanyaga, na kovu alilolichora ni la pigo ambalo hakulifikiri. Lakini dawa ya kuiga vibaya si kuacha kazi. Dawa ni kumwonyesha mwigaji chuo kilicho mlangoni pake.

Na Mirongo ni chuo cha uchakavu. Mto ulioipa kata jina lake hupita katikati ya jiji na kuingia Ziwa Victoria, na baada ya mvua kubwa hubeba tope na taka za mitaa ya juu. Maji yakipungua, ukuta uliosimama kando huachiwa mstari wa tope ulionyooka kama uliopigwa kwa rula, mzito chini na mwembamba juu. Mstari ule ni somo: maji yaliyotuama huandika kwa ulalo, maji yatiririkayo huandika kwa wima. Fundi aliyeuona hatachora kamwe alama ya mafuriko ikishuka kama machozi.

Mabati ya nyumba ni somo la pili. Bati limevikwa zinki, na zinki hutangulia kuliwa kabla chuma hakijaguswa. Kwa hiyo bati halishiki kutu popote popote. Huanza penye tundu la msumari, penye ncha iliyokatwa, na pale ambapo bati moja limelilalia jingine na kuhifadhi unyevu. Kutoka hapo kutu hushuka kwa michirizi. Mtu akitaka kuichakaza chapeo inayodaiwa kuwa ya bati, akaitawanyia kutu kama pilipili juu ya embe, amefichua kwamba hakuwahi kuinua macho kutazama paa. Akitaka iwe ya shaba, asipake kutu nyekundu hata kidogo, maana shaba huwa ya kahawia na kisha kijani. Akitaka iwe ya aluminiamu kama sufuria, basi ichubuke na kufifia kuwa kijivu. Chuma peke yake ndicho kitoacho wekundu ule.

Maji ya ziwa ni somo la tatu, na la hila zaidi. Ziwa Victoria ni la maji baridi yasiyo na chumvi. Bahari ya Hindi ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Chapeo ambayo hadithi yake ni ya Bagamoyo au Kilwa haipaswi kuchakaa kwa mwendo mmoja na chapeo ambayo hadithi yake ni ya Mwanza. Udongo nao hutofautiana: Wasukuma hutofautisha luseni, ulio mchanga na mwepesi wa rangi, na mbuga, ulio mweusi na wa kunata. Luseni hupukutika ukikauka; mbuga huganda katika mianya na kupasuka. Fundi ajuaye hayo hatapaka vumbi la Tunisia juu ya mpiganaji aliyetembea kutoka Magu. Kofia za waendesha pikipiki nazo zamfundisha yaliyobaki: jinsi vumbi linavyokifanya kioo cha mbele kuwa na ukungu wa mikwaruzo midogo, jinsi kofia ya abiria, inayoning'inizwa siku nzima, inavyochubuka upande mmoja tu, jinsi rangi nyekundu inavyopauka utosini kwa jua. Somo hili lote halina ada. Anayejifunza hapo haigi wageni. Ameichukua njia yao na kuisemesha lugha yake, kama Kiswahili kilivyofanya kwa maneno mengi yaliyoingia kutoka nje na kupokea mavazi ya ngeli.

Ikiwa bado yuko mtu asemaye kuwa jambo hili ni dogo, na atazame majukwaa na sinema za nyumbani. Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari. Tafsiri ilitoka mwaka 1963, na baada ya kusahihishwa ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Lugha yake yabeba uchovu wa vita, hasira ya marafiki, na usiku wa mwisho kabla ya Filipi. Lakini likichezwa na wanafunzi, mara nyingi Bruto hutokea amevaa chapeo ya karatasi ngumu iliyopakwa rangi ya dhahabu asubuhi ile ile. Maneno yasema kuwa mtu huyu ametembea na jeshi toka nchi hadi nchi. Kichwa chake chasema kuwa ametoka dukani. Mtazamaji husikia sauti mbili zinazogombana, na kwa kuwa jicho ni jepesi kuamini kuliko sikio, Shakespeare na Nyerere hushindwa wote wawili na kopo moja la rangi.

Hasara huzidi pale mchezo unapohusu historia ya nchi yenyewe. Mara nyingi wapiganaji wa Maji Maji huonyeshwa na nguo zilizotoka kupigwa pasi, na askari wa Kijerumani huvaa kofia ambazo hazikuonja mvua. Wakati uliopita ukionyeshwa mpya kila mara, kijana huzoea kuamini kwamba haukuwahi kuishiwa na watu. Huuona kama sherehe ya mavazi. Hajui kwamba waliotembea miezi katika masika walivaa kitu kilichooza, kwamba ngao ilishikwa hata mpini ukang'aa kwa jasho, kwamba kamba iliyokatika ilifungwa kwa kamba nyingine isiyofanana nayo. Uchakavu ndio unaomwambia kuwa mababu walikuwa na miili. Vyuo vinavyofundisha tamthilia bila ya kufundisha uchakavu wa vifaa vyake vyafundisha nusu ya tamthilia, na nusu hiyo huzomewa jukwaani.

Kwa hiyo ubishi huu si juu ya mchezo wa vijana. Ni juu ya nani atakayepewa jina la mwongo. Hadi leo jina hilo hupewa kwa wepesi yule anayekaa na brashi yake, akajiuliza pigo lilitoka wapi, akaandika ndani ya chapeo kwamba ameibuni. Na hadi leo jina hilo huepushwa na yule anayeziba ufa, akaung'arisha, akanyamaza. Wasomi ambao kazi yao ni kuyapima maneno hawana udhuru wa kuendelea kulikosea neno hili. Kovu lililobuniwa hadharani humfundisha mtu kuona. Kovu lililofichwa humpofusha. La kwanza na lipewe nafasi katika karakana na majukwaa ya vyuo. La pili na litafutwe sokoni na barabarani, likwanguliwe rangi yake, na liitwe kwa jina lake.